Makombe Yaliyofichwa Kwenye Sileji

Ijumaa, tarehe 30 Mei 2014. Asubuhi kulikuwa na ukungu. Saa nane mchana ikanyesha mvua ya mawe kwa dakika kumi, mabati ya maabara yakapiga kelele mpaka mwalimu akaacha kufundisha. Kisha jua likatoka kana kwamba hakuna kilichotokea.

Hiyo ndiyo siku Hulda Amondi alipolifungua tena lile kasha.

Hulda alikuwa mhudumu wa maabara katika shule ya wasichana pembeni mwa Eldoret, kwenye barabara ya kwenda Nakuru. Kazi yake ilikuwa kuosha vyombo, kupima dawa, na kuandika kila chupa ilikotoka na ilikowekwa. Wasichana walimwita Mama Maabara. Asubuhi hiyo alijiwa na mwalimu wa kemia, Stephen Kipkirui, kijana aliyekuwa na muhula mmoja tu pale shuleni.

"Mama, leo nafundisha mambo ya bahari. Hatuna hata kombe moja, ganda la chaza au la konokono, hapa?"

"Bahari? Hapa Eldoret?"

"Ndiyo sababu nauliza. Watoto hawa wanajua mahindi na ngano. Wengine hata ziwa hawajaona."

Chini ya sinki, nyuma ya katoni za karatasi za kuchujia, kulikuwa na kasha la mbao ambalo Hulda hakuwa amelifungua kwa miaka sita.

"Ninayo," alisema mwishowe. "Lakini yameharibika."

"Basi hayo hayo ndiyo nayataka."

Kasha lile lilikuwa la marehemu mumewe, Mwalimu Nderitu. Mwaka 1994 Nderitu aliwapeleka wanafunzi wa baiolojia pwani, akarudi na makombe, kauri, konokono wa bahari na vipande vya matumbawe vilivyotupwa ufuoni na mawimbi. Kila kimoja alikipa namba na kikaratasi: jina, mahali, siku. Vilikuwa arobaini na moja. Alipofariki mwaka 2003 kwa homa ya mapafu, Hulda aliendelea kuvipangusa vumbi kila Jumapili baada ya kanisa, kimoja kimoja kwa kitambaa cha pamba, na kuvirudisha kwa namba zake. Kaburi lilikuwa mbali, kwao Nderitu. Kasha lilikuwa karibu.

Hulda mwenyewe ni mtu wa Siaya. Lakini nyumba aliyoishi karibu na Burnt Forest ilikuwa ya Nderitu, na jina lililoandikwa langoni lilikuwa la Nderitu, jina la kabila lililokuja kuwindwa baada ya uchaguzi. Jumatatu, tarehe 31 Desemba 2007, siku moja baada ya matokeo ya uchaguzi kutangazwa, moshi ulianza kupanda upande wa sokoni. Jirani yake Jerop, aliyepakana naye ua na kufanya naye kazi shule moja, yeye akiwa mpishi, alipenya kwenye ua bila kubisha hodi.

"Toka sasa hivi. Lori la polisi liko barabarani, linabeba watu."

"Mimi si mtu wao, Jerop. Wewe unajua."

"Najua mimi. Hao wengine wanajua lango."

Hulda alimshika bintiye mkono mmoja, kasha akalikumbatia kwa mwingine. Kwenye lori walisema hapana, watu tu, mizigo ibaki. Jerop akalichukua kasha mikononi mwake.

"Nipe. Nitaliweka."

Usiku huo nyumba iliungua. Hulda na bintiye walilala uwanja wa maonyesho pamoja na wengine waliokimbia, kisha wakaenda kwao Siaya; Hulda akarudi kazini mwezi Mei 2008 na kupanga chumba mjini. Wiki ya kwanza tu Jerop alimletea kasha jikoni mwa shule, limefungwa kwa gunia, akiwa anatabasamu kama mtu anayerudisha mtoto wa mwenzake salama. Wapishi wengine walikusanyika kuona.

Hulda alifungua. Harufu kali ilimpanda puani. Vikaratasi vya Nderitu vilikuwa uji wa wino. Kauri zilizokuwa ziking'aa kama meno zilikuwa nyeupe, butu, zikiacha unga kwenye kidole. Konokono mwembamba namba 17 alikuwa na tundu. Matumbawe yalikuwa yamepoteza ncha zake zote, kama sukari iliyolambwa.

"Ulimwaga nini humu?" Hulda aliuliza.

"Sikumwaga kitu. Niliweka kwenye sileji."

"Sileji?"

"Shimo la majani ya mahindi yaliyovundikwa, chakula cha ng'ombe, kule mwisho kabisa, chini ya plastiki. Walikuja kwangu mara mbili wakitafuta vitu vya watu waliokimbia, wakapekua hata sufuria ya ugali. Ni nani anachimba sileji? Ng'ombe tu."

Wapishi walicheka. Hulda hakucheka. Alikuwa na miaka kumi na minne maabara, alijua kinachokula kombe: asidi. Na asidi aliyoijua hukaa kwenye chupa na kwenye betri ya gari, na haijimwagi. Ng'ombe wanakula sileji na kutoa maziwa. Kitu kinacholainika mdomoni mwa ng'ombe kinawezaje kula jiwe?

"Mmechoma nyumba," alisema, "hata mawe ya marehemu mmeyamwagia maji ya betri?"

Hakusema "wewe"; alisema "nyinyi", kabila zima la Jerop. Jerop alivua aproni, akaitundika msumarini, akatoka nje. Kutoka siku hiyo hadi Jerop alipostaafu mwaka 2012 walisalimiana tu. Zamani walikuwa wakiitana kwa majina. Sasa Jerop alisema, "Habari, madam," na kupita. Hulda naye hakujua kama alikuwa amekosa au amekosewa. Mara nyingine aliamini moja asubuhi na jingine jioni. Kutupa lile kasha hakuweza, na kulitazama hakuweza.

Sasa lilikuwa juu ya meza ya maabara, na wasichana wa kidato cha tatu wamelizunguka. Mwalimu Kipkirui alitia maji kwenye bika, akaongeza chumvi na magadi kidogo yawe kama ya bahari, kisha matone ya kiashiria, dawa inayobadili rangi asidi ikiongezeka. Maji yakawa bluu. Akampa msichana mmoja, Chepkirui, mrija.

"Puliza taratibu. Usinywe."

Chepkirui alipuliza. Mapovu yakapanda. Bluu ikaanza kuwa kijani.

"Wee, Chepkirui, pumzi yako ni moshi wa lori!" mwenzake alipiga kelele, darasa likaangua kicheko.

"Yako je? Leta mdomo tuone!"

"Ya kila mtu ni hivyo," alisema mwalimu. "Hewa ya ukaa. Inatoka kwetu, kwenye magari, viwandani, misitu ikiungua. Sehemu yake inaingia baharini, maji yanabadilika hivi. Wanyama wanaojijengea nyumba za chokaa wanapata shida: matumbawe, chaza, konokono. Mtoto wa chaza hujenga ganda lake la kwanza kwa kama siku mbili. Maji yakiwa mabaya, nguvu zote zinaishia kwenye kujenga, anabaki hana ya kula. Wengine hawafiki wiki. Matumbawe nayo hujenga polepole, na yakijenga yanakuwa dhaifu."

Hulda alikuwa anafuta meza ya nyuma. Hakuwa na desturi ya kuuliza darasani, lakini aliuliza.

"Mwalimu, bahari imekuwa asidi?"

"Hapana, Mama. Bado ni besi, kinyume cha asidi."

"Sasa mbona unasema inaingia asidi?"

Wasichana waligeuka. Mwalimu alifikiri kidogo.

"Mtu akitoka Eldoret akafika Nakuru, bado yuko mlimani, si ndiyo? Lakini ameteremka. Bahari imeteremka hivyo. Haijafika chini, ila njia inaelekea huko."

"Na bila kufika, inakula?"

"Inaanza kudhuru, wale wachanga kwanza."

Hulda aliona hilo halikai kichwani. Asidi ni asidi, besi ni besi. Ndivyo chupa zake zilivyopangwa, kabati mbili tofauti. Akauliza tena, "Na ni nani ameimwaga?"

"Hakuna aliyeimwaga. Inaingia yenyewe, kidogo kidogo."

"Lazima kuna mtu."

"Basi ni sisi sote," alisema mwalimu, na Hulda hakulipenda jibu hilo. Mwaka 2008 alilisikia sana. Kila alipouliza nyumba yake ilichomwa na nani, watu walisema ni hali, ni siasa, ni sisi sote.

Darasa lilipotoka, mwalimu aliinua konokono namba 17 kwenye mwanga wa dirisha.

"Hizi zilikuwa kwenye nini, Mama?"

"Kuna mtu alizimwagia maji ya betri."

"Sidhani. Za kumwagiwa huliwa pale tu panapomwagika. Hizi zimeliwa pande zote sawa, na pembamba ndipo pametoboka kwanza. Zilikaa mahali, muda mrefu. Wapi?"

"Aliyeziharibu alisema ni kwenye sileji."

Mwalimu alicheka, kisha akaacha kucheka alipoona uso wake. "Mama, baba yangu ana shimo la sileji kule Soy. Sakafu ya simenti tumeitengeneza mara mbili. Maji ya sileji yanaila."

"Ng'ombe wanakula sileji."

"Na wewe unatia siki kwenye kachumbari."

Jioni hiyo Hulda alikwenda zizi la shule akiwa na karatasi ya kupimia asidi. Shimo la sileji lilikuwa limebaki robo. Aliinama penye maji ya kahawia yaliyotuama pembeni, akachovya karatasi. Iligeuka rangi ya chungwa, karibu na nyekundu: asidi. Alichovya nyingine, na ya tatu. Zote chungwa.

Hata hivyo hakuamini. Aliwaza: huenda ni ya shule tu, huenda ya Jerop ilikuwa tofauti, huenda karatasi zimezeeka. Akajaza chupa mbili za kioo. Moja alitia maji ya sileji, nyingine asidi ya maabara iliyozimuliwa. Kisha alifanya jambo lililomuuma: alichagua kauri mbili zilizoharibika kidogo kuliko zote, namba 8 na namba 23, ambazo bado zilikuwa na doa la mng'ao. Alikaa nazo kiganjani mpaka mlinzi akamwita kwamba anafunga lango. Ndipo akazitumbukiza.

Ile ya asidi ilichemka papo hapo, mapovu yakifukuzana juu. Kufikia Jumatatu kilikuwa kimebaki kipande chembamba chenye ukingo mkali. Ile ya sileji ilikaa kimya. Jumatatu ilikuwa vile vile. Jumatano mng'ao ulikuwa umekufa. Hulda aliandika kila siku kwenye daftari la maabara, na kila siku alibadili mawazo. Siku alizoona mabadiliko alisikia aibu. Siku ambazo hakuona, alisikia nafuu, kisha akaona aibu kwa ile nafuu.

Ijumaa, tarehe 20 Juni, wiki tatu kamili, alimwaga maji na kuiosha kauri. Ilikuwa nyeupe, butu. Aliipitishia kidole, unga ukabaki. Aliilaza kwenye kasha kando ya nyingine, akavuruga kwa mkono, kisha akajaribu kuitambua ni ipi. Hakuweza.

Mwalimu Kipkirui alimkuta amekaa kwenye kiti cha wanafunzi, kasha magotini.

"Imeonekana, Mama?"

"Imeonekana." Alifunga kifuniko. "Lakini sielewi bado. Alizitunza. Zingebaki ndani ya nyumba yake zingechukuliwa, labda naye angepigwa. Aliziweka mahali pazuri kuliko pote alipokuwa napo. Na hapo hapo ndipo zilipoliwa. Sasa mtu kama huyo unamwambia nini?"

"Mimi ni mwalimu wa kemia," alisema kijana.

"Najua. Nilikuwa naongea tu."

Aliulizwa kama kasha litarudi chini ya sinki. Akasema hapana.

Jumamosi asubuhi, tarehe 21 Juni, kulikuwa na baridi na nyasi zilikuwa zimelowa. Hulda alifika Burnt Forest kabla ya saa moja, akapita penye lango lililokuwa lake, ambapo sasa mtu mwingine amepanda viazi, akasimama kwenye ua wa Jerop. Kasha lilikuwa kwapani na chupa ya maji ya kahawia mkononi. Jerop alikuwa akikamua, ameinamia ng'ombe, kitambaa kichwani.

"Hodi."

Jerop aligeuza kichwa bila kuacha chuchu. "Habari, madam. Umeniletea pombe?"

"Ni maji ya sileji. Nimeyapima."

"Miaka sita ndiyo unapima?"

"Nilikosea, Jerop. Haikuwa betri. Na nilisema mbele ya watu."

Maziwa yaliendelea kulia ndooni. Jerop hakusema amesamehe wala hajasamehe. Ndama alikuwa akivuta kamba kumfikia mama yake, akiyumbisha ndoo kila mara.

"Zilioza kabisa?" Jerop aliuliza baadaye, kwa sauti ndogo. "Mimi niliona zimekuwa nyeupe, nikadhani zimetakata."

Hulda aliliweka kasha juu ya jiwe kavu.

"Usisimame hapo kama mkaguzi," alisema Jerop. "Shika huyo ndama, Hulda, ananimwagia maziwa."

Hulda alishika kamba kwa mikono miwili, akavuta.