Neno langu moja Ijumaa, na Ticha Caro anarudi Kitale

Admin, tafadhali ficha jina langu, maana huku Misikhu hata kuku wanajuana. Mimi ni mama wa miaka thelathini na nane, nimeolewa, na nimefundisha nasari tangu nikiwa msichana. Kitinda mimba wangu, nitamwita Nanjala, ana miaka mitano. Niko saiba hapa Bungoma mjini, kwa kompyuta ya kulipia, naandika kwa kidole kimoja, kwa hivyo mnivumilie. Roho yangu imechafuka.

Kwa miaka mingi nasari yetu ilikuwa mimi. Mzazi akileta mtoto anaambiwa, "Mpeleke kwa yule mama, atanyooka." Na walinyooka! Kwangu mtoto anakaa kimya, anaandika A mpaka Z, anaimba moja mpaka mia bila kupumua. Kiboko serikali ilikataza, sawa, lakini sikio hakuna aliyelitaja, na mimi sikio najua kulifinya. Siku ya kufunga shule wazazi walikuwa wananiletea kuku.

Halafu akaja Caro. Msichana wa Kitale, miaka ishirini na kitu, amesomea ualimu wa nasari huko kwao na cheti anacho. Nilipoona ile sketi imepigwa pasi nikasema huyu hatamaliza muhula. Jamani! Siku ya pili alikuwa ameketi kwenye udongo na hiyo hiyo sketi, anahesabu vifuniko vya soda na watoto. Asubuhi anapiga magoti mlangoni, anasalimia kila mtoto kwa jina. Ati anapiga magoti! Mwalimu mzima! Na wale watoto niliowafuta makamasi kwa mikono yangu wakaanza kupita mlango wangu mbio wakienda kwake. Mimi nimesimama na chaki, nawasikia wakicheka ng'ambo ya ukuta, na uchungu ninaousikia ni ule wa mwanamke aliyeletewa mke mwenza.

Nyumbani ndiyo mbaya zaidi. Nanjala yuko darasa la Caro, kwa sababu hedmasta alikataa nifundishe mtoto wangu mwenyewe. Ni Ticha Caro asubuhi, Ticha Caro jioni. "Mama, Ticha Caro akikuumiza anasemanga pole." Nikamwambia, "Basi nenda akuzae yeye." Aliendelea kula ugali wake.

Hedmasta naye akaniambia kuna nafasi ya mafunzo Kitale, likizo ya Desemba, niende pia nipate cheti. Caro akasikia, akaja mbio. "Mama, twende! Utalala kwetu, mamangu atafurahi sana. Na vifaa vya kufundishia nitakusaidia kutengeneza." Mimi nisaidiwe na mtu aliyekuwa ananyonya nikishika chaki? Nikamjibu, "Asante mami, mimi nilijifunza kwa kuzaa." Akacheka, akidhani namtania.

Sasa wazazi wameanza kunung'unika. Watoto wa Caro wanarudi na matope, daftari ni jeupe, kazi ni nyimbo tu. Mwenyekiti wa wazazi, mtu wa Matulo, alinifuata sokoni. "Mama, hii kazi wewe ndio unaijua. Ijumaa kwa mkutano simama useme hawa watoto hawasomi. Neno moja tu, huyo msichana arudi kwao na madarasa yote yawe yako." Sitawadanganya, nilifurahi. Nilipitia kwa bucha nikanunua nyama.

Lakini kuna kitu nilikiona na wao hawakukiona. Wiki hiyo hiyo nilimtuma mtoto wa darasa langu, bingwa wa moja mpaka mia, aniletee chaki nne. Akaleta konzi nzima. Nikamrudisha, nikamwambia nne. Akaanza kulia. Katoto ka darasa la Caro kalikuwa kanapita hapo, hakajui hata kuandika jina lake, kakatoa chaki nne kwenye ile konzi, kakanipa, kakaenda zake kucheza. Nikajiambia ni bahati tu.

Basi Jumapili baada ya kanisa nilikuwa napika, na Nanjala yuko nje amepanga magunzi ya mahindi mistari miwili kando ya ukuta, anacheza shule. Alipiga magoti, akayasalimia moja moja kwa sauti laini. "Karibu mami. Umelala vizuri?" Huyo alikuwa Caro. Halafu akasogea kwa mstari wa pili. Akajifunga leso vile mimi hujifunga, akashika kiuno, sauti ikawa nzito. "Nyamaza! Kichwa maji wewe! Andika!" Akaokota gunzi moja akalifinya pale juu, mahali sikio lingekuwa.

Nilitoka na mwiko mkononi, nimewaka. Mtoto hata hakushtuka. Alichagua gunzi kubwa kuliko yote, akaliweka katikati ya yale ya Caro, akaniangalia. "Mama, huyu ni wewe. Nimekupeleka kwa Ticha Caro. Yeye hatakufinya."

Nilirudi jikoni nikakuta ugali umeungua.

Hilo gunzi ninalo kwa mkoba hapa saiba, na sijui kwa nini nimelibeba. Wivu bado uko, tusidanganyane. Asubuhi hii nimemsikia Caro akicheka na watoto nikatamani gari limchukue leo leo. Nikisema ukweli kwa mkutano, wazazi watajua ile mia yangu ni wimbo tu, na mimi hapa Misikhu nitabaki kuwa nani? Nikisema wanachotaka kusikia, Caro anapanga nguo zake anaenda, madarasa yote yanakuwa yangu, na Jumatatu Nanjala ataketi mbele yangu na masikio yake mawili.

Msiniambie niombe, nimeomba. Nyinyi wenye roho safi nishaurini: Ijumaa nikisimama mbele ya wale wazazi, niseme nini?