Hajawahi Kufa Mtu Kwenye Gari Langu

Admin, nifichie jina, na kambi usiitaje, maana huku wanaokusoma ni wengi, mke wangu akiwemo.

Mimi ni mwanaume wa miaka hamsini na mbili, mzaliwa wa Ujiji. Shule niliishia darasa la tano, lakini kwenye usukani nina digrii. Naendesha gari la wagonjwa, natoa wagonjwa kambi ya wakimbizi wa Burundi nawaleta hospitali mjini Kigoma. Barabara ile naijua kuliko kitanda changu. Kuna mwaka mvua za Desemba zilikata daraja, nikaruka korongo, gari likapaa kama samaki mgebuka anavyoruka ziwani, mgonjwa akazinduka akauliza, "Tumefika?" Madaktari wakisikia king'ora changu wanavaa glavu kabla sijaingia getini. Anayebisha aje anione.

Kwa kuwa ni Mwislamu, kila Krismasi zamu nashika mimi ili wenzangu Wakristo wakale sikukuu na watoto wao, na Idi wao wananishikia. Kwa hiyo Krismasi ya kambini naijua vizuri. Kwaya zinaimba toka asubuhi, maharage na ndizi kila mlango, na mimi nimeegemea boneti nawapa stori watu wamejaa. Stori waliyoipenda ni moja: hajawahi kufa mtu kwenye gari langu. Ikaenea kambi nzima. Kina mama wakawa wanaligusa gari wakipita.

Sasa ndugu zangu, leo sijisifu. Kwa kazi yetu, anayetamka kifo ni daktari. Mgonjwa akikata roho njiani, sista hatoi ile barakoa ya oksijeni, na mimi sizimi king'ora. Tunamfikisha, daktari anampima, anaandika saa ya pale pale. Kwenye karatasi hakuna aliyefia garini. Garini wamefia, na wengine nawaota.

Mmoja alikuwa baba yake Nestori (jina si lake). Nestori ni Mrundi, fundi seremala pale kambini. Siku waliyokimbia kwao aligombana na mzee wake, maana mzee hakutaka kuacha ng'ombe, akavutwa kwa nguvu. Hawakusemeshana tena. Mzee alipougua nikambeba, akakata roho hata nusu ya njia hatujafika. Niliporudi, Nestori alikuwa ananisubiri kwenye kizuizi cha kuingilia kambini. "Shefu, mzee kasema chochote?"

Mdomo wangu huu! Nikamwambia alifika mzima, akaomba maji, akalitaja jina lako, akasema amekusamehe na anakubariki wewe na uzao wako. Nestori alikaa chini kwenye vumbi akalia kama mtoto. Toka siku ile ananiita ndugu.

Krismasi ya mwaka jana sikuwepo. Mpwa wangu aliolewa Ujiji, na harusi bila mjomba haiendi. Gari langu likabaki limefungwa mjini, zamu akashika dereva mwenzangu na gari lake, mtu wa Kalinzi, baba wa watoto wanne, dereva mzuri kuliko mimi (hili sijawahi kulisema). Asubuhi hiyo mke wa Nestori alijifungua, damu ikagoma kukata. Gari lilifika mapema tu. Mama akashika mlango akasema, "Hilo siliingii. Nasubiri lile lisilofiwa." Sista akabembeleza, Nestori akabembeleza, wakanipigia simu. Simu ilikuwa ndani ya koti, koti liko kwenye kiti, na mimi nimesimama na sahani ya pilau nawasimulia wakwe stori ile ile.

Walimpakia alipoishiwa nguvu za kukataa. Hakufika.

Mnajua kambi ilisemaje? "Mmeona? Angekuwepo yule wa Ujiji!" Mwenzangu wa Kalinzi hadi leo hasalimiwi. Mimi nikaheshimiwa zaidi.

Sasa Krismasi hii imefika. Binti yao mkubwa, nimwite Kaneza, ni mjamzito, mtoto amelala vibaya, sista kasema lazima ajifungulie mjini, muda wowote wiki hii. Gari langu liko gereji juu ya matofali, spea hazijaja. Lililopo ni la mtu wa Kalinzi. Kaneza kaapa halipandi. Nikamwambia, "Mwanangu, nitakaa mbele mwenyewe." Akasema, "Baba, mama hakusema dereva. Alisema gari."

Jana nikajikaza, nikamfuata Nestori anapopigia randa. Nikamwambia, "Ndugu yangu, nilikuwa nadanganya. Kwenye gari langu watu wamekufa."

Akacheka hadi randa ikamdondoka. "Wewe bwana! Unamtetea mwenzako. Una roho nzuri sana."

"Naapa, Nestori."

"Juzi uliapa uliruka korongo." Akanifutia kiti. "Baba yangu si ulimfikisha akiongea? Mimi ni shahidi wako. Yale maneno yake ndiyo ninayolalia, ndiyo yaliyonishika nilipomzika mke wangu. Kaa, tule."

Nikakaa, nikala.

Hapo ndipo nilipo. Ili aniamini ni lazima nimtaje mzee wake: kwamba alifia garini kwangu, hakuomba maji, hakumtaja mtu, baraka zile nilizitunga mimi. Nikishasema hivyo, na la mkewe atalielewa mwenyewe, kwamba alikufa akisubiri uongo wangu. Atakuwa amefiwa na wote wawili upya, kwa siku moja, wakati wa sikukuu. Na nikinyamaza, Kaneza atashika mlango kama mama yake.

Mke wangu nilimgusia kidogo, akasema, "Umeanza stori zako."

Leo mchana nimewasikia wanafanya mazoezi ya kwaya, na Kaneza yumo, kashika kiuno, anaimba. Kanipungia mkono.

Nimeongea maisha yangu yote na sasa maneno yamenikatikia. Ninyi msionijua sura, niambieni: nikamnyang'anye Nestori baba yake ili abaki na binti? Nitaanzaje, na nani ataniamini? Msichelewe kunijibu. Uchungu hausubiri.