Mei Kumi na Tatu, Saa Moja Asubuhi

Kwa miaka mingi nilisoma kipindi kifupi cha asubuhi katika redio ya Moroni: mambo makubwa yaliyotokea siku kama ya leo. Nilikuwa na kalenda nene ya Kifaransa, natafsiri mistari mitatu, nakunywa kahawa. Kazi ya mvivu, na mimi niliipenda.

Tarehe 13 Mei 1978 mamluki wa Kizungu waliteremka ufukweni, wakaipindua serikali. Mji ulishangilia, nami nilishangilia, mpaka walipogonga mlango wangu mtaani Badjanani. Walimchukua shemeji yangu, karani wa serikali iliyoanguka, aliyekuwa akikaa kwangu. Mkewe, dada yangu mkubwa, alikuwa Mutsamudu, kisiwa kingine, na watoto. Hatukuambiwa kapelekwa wapi.

Mwaka uliofuata dada aliniomba sentensi moja tu: kwamba siku kama ya leo mumewe alichukuliwa, na jina lake. "Mdogo wangu, huenda akasikia mtu anayejua alipo."

Niliiandika. Mkuu wangu akaifuta bila hata kuniangalia. Mwaka wa pili niliifuta mwenyewe. Mwaka wa tatu sikujisumbua. Nilisoma kwamba siku hiyo Brazili ilifuta utumwa. Wa nne nikasoma kwamba Papa alipigwa risasi Roma, akapona.

Dada alipiga simu kutoka posta ya Mutsamudu. "Papa umemtaja," akasema. "Papa ana watu wengi wa kumtaja."

Nilimkaripia, eti anataka tufungwe sote. Hakuniomba tena.

Wazungu waliondoka Desemba 1989. Mei iliyofuata niliisoma ile sentensi, tena kwa sauti nzito, nikijiona shujaa. Kesho yake mzee mmoja akaja ofisini. Alifungwa chumba kimoja na shemeji, hapo hapo Moroni, na mlinzi wao alikuwa akifungua redio kila asubuhi.

"Ikifika tarehe ile alitunyamazisha," mzee akasema. "Anatuambia, huyo ni shemeji yangu, leo atanitaja. Mwaka ule wa Papa alisikiliza mpaka mwisho, akageukia ukuta. Mwezi haukuisha, akafa."

Nilimuuliza alizikwa wapi. Hakujua.

Nilikwenda Mutsamudu kumpa dada habari ya kifo tu. Alilia kwa muda mrefu, kisha akaniuliza kama ile sentensi ingesaidia, lau ningeisoma mapema.

Nikamwambia isingesaidia kitu. Akaniomba radhi kwa kunisumbua.