Kidonge cha Tezi na Maziwa ya Mama Mkwe

Mimi nina hasira za karibu, hilo silikatai. Kwetu Ipogolo wanasema nimerithi kwa baba. Mimi nasema watu wananichokoza. Kwa hiyo siku niliyoingia kwenye duka la dawa pale Rujewa na kubamiza kopo la vidonge juu ya kaunta, sikuona kama nafanya jambo la ajabu. Nilikuwa na mimba ya wiki kama kumi. Ile ya kwanza ilikuwa imetoka mwaka mmoja nyuma, ikiwa ya miezi minne, na dalili nilizokuwa nazo safari hii ni zilezile. Nikamwambia muuzaji, mama mmoja wa makamo, "Unatuuzia chaki. Hii si dawa hata kidogo."

Nieleze vizuri. Kabla sijaolewa nilifanyiwa operesheni ya goita huko Iringa. Ilikuwa imekua mpaka shati la kola halifungi. Daktari aliniambia kwamba tezi waliyoitoa ndiyo iliyokuwa inatengeneza homoni ya kuendesha mwili, na kwa kuwa sasa sina, nitameza kidonge cha homoni hiyo kila siku ya maisha yangu, asubuhi, kabla sijala. Nikaitikia sawa, sawa, huku nawaza nyama ya kuchoma, maana nilikuwa na siku tatu za uji mtupu. Mengine aliyoyasema sikuyashika. Hapo kosa ni langu, simsingizii mtu.

Kisha nikaolewa Ubaruku. Mume wangu ni Msukuma. Wazazi wake walihamia Usangu na ng'ombe wao kabla yeye hajazaliwa. Mama yake tulimwita mayu, yaani mama kwa Kisukuma, nyumba nzima, hata wajukuu na majirani. Asubuhi ya kwanza aliponikuta nameza kidonge kwa maji alishtuka kabisa.

"Dawa kwa maji matupu? Itakuchubua tumbo, mwanangu!"

Kesho yake alinipokea mlangoni na kikombe cha maziwa ya moto. Kwake dawa yoyote, iwe ya malaria au ya kichwa, humezwa kwa maziwa, tena alikuwa amenitengea ng'ombe mmoja, kwamba ya huyo ni ya mkwe. Mhehe peke yangu katikati ya Wasukuma, mgeni bado, ningekataaje? Na jamani, yalikuwa matamu. Nikawa nameza kidonge changu na kikombe kile kila siku bila kukosa, na nilijisifu kwamba mimi ni mgonjwa hodari.

Baada ya miezi kadhaa nikaanza kusikia baridi. Ubaruku! Mahali ambapo watu wanalala mlango wazi kwa joto, mimi nilikuwa kwenye mashine ya kukoboa mpunga nimevaa sweta. Wenzangu walinicheka mpaka basi, eti Mhehe kafungasha baridi ya kwao akaja nayo. Uso ukavimba, nywele zikawa zinabaki kwenye kitana, usingizi ukanishika mchana kweupe. Nikadhani ni vumbi la pumba, au ndoa. Mimba ikaja, ikatoka. Mayu alilia kuliko mimi. Akasema nimepungukiwa damu, akaacha kikombe, akaanza kuniletea bakuli.

Mimba ya pili ilipoingia nilianza kliniki, nikapewa vidonge vya kuongeza damu. Nikavimeza pamoja na kile cha tezi, kwa mkupuo mmoja, kwa maziwa yaleyale, ili kazi iishe. Baridi ikazidi. Hapo ndipo nikaamua mwenye duka ni tapeli.

Yule mama hakunijibu kwa hasira. Alifungua kopo, akatazama vidonge, akasoma tarehe ya kuisha, akaniuliza, "Unakimeza na nini?"

"Na maziwa," nikasema kwa kiburi. "Tena ya ng'ombe wangu mwenyewe."

"Na hivyo vya damu?"

"Vyote pamoja. Kwani nini?"

Akashika kichwa. "Dada, maziwa yanaizuia hii dawa, haiingii mwilini inavyotakiwa. Na hivyo vya damu ndiyo kabisa."

"Basi nitameza viwili viwili."

"Wee! Usithubutu, moyo utakwenda mbio. Mjamzito mara nyingi huongezewa dozi, lakini anayeongeza ni daktari, akishapima damu. Usingoje kliniki ijayo. Nenda walikokufanyia operesheni."

Niliona aibu, na nikiona aibu huwa naondoka bila kuaga. Nilipanda basi kesho yake.

Majibu ya damu yalipotoka, daktari wa Iringa hakucheka. Homoni ilikuwa chini sana kwa mtu mwenye mimba. Alinipangia dozi mpya na kunielekeza taratibu, na safari hii nilimwomba karatasi nikaandika: maji matupu, saa nzima kabla ya chai na chakula. Maziwa na vidonge vya damu, baada ya masaa manne. Damu ipimwe kila mwezi kwa sasa. Nisiache hata nikijisikia mzima, na nikisahau leo, kesho nisimeze viwili kufidia. Kopo lisikae jikoni kwenye joto.

Nilipomaliza kuandika nikamwuliza kama ile mimba ya kwanza ilitoka kwa sababu hiyo. 

"Inawezekana," akasema. "Inawezekana pia si hiyo. Mimba hutoka kwa sababu nyingi, na sitakudanganya kwamba najua."

Nisiwaweke roho juu: mtoto wa mimba hiyo alizaliwa wakati wake, wa kike, mzima, na sasa ana miaka mitatu na mdomo kama wangu. Sweta nililivua hata tumbo halijawa kubwa. Lakini kabla ya hayo yote nilipaswa kurudi Ubaruku na kumwambia mayu, na mimi ninayejulikana kwa kusema lolote linalonijia mdomoni, niliogopa. Siku tatu nilipokea bakuli lake la maziwa, nikashukuru, nikaenda kuyamwaga nyuma ya zizi. Siku ya nne alinikuta.

"Maziwa yangu yamekukosea nini?" aliuliza. Hakupandisha sauti, na hilo liliniumiza zaidi.

Nikamweleza, tumesimama hapohapo kwenye samadi. Nilijitahidi kulainisha: kwamba maziwa si mabaya, ni saa tu, kwamba mchana nitakunywa hata ndoo. Alisikiliza mpaka mwisho.

"Kwa hiyo yalikuwa yanaizuia dawa."

"Ndiyo, mayu. Mimi ndiye sikumsikiliza daktari tangu mwanzo. Wewe hukujua."

"Tangu ulipokuja hapa?"

"Tangu nilipokuja."

Akaokota bakuli nililokuwa nimeliweka chini, akalifuta kwa upindo wa khanga yake.

"Na yule wa kwanza?"

"Hapana," nikasema haraka. "Si hivyo. Nilimwuliza daktari, akasema hapana."

Ulikuwa uongo, nami niliutamka bila hata kupepesa macho. Nilidhani nimemwokoa. 

"Ulimwuliza," mayu akasema. "Kumbe na wewe uliwaza."

 Nikamwambia ndiyo, mayu, niliwaza. Akatikisa kichwa polepole, akaanza kulia, na mimi nikalia naye mpaka wachungaji wakaja kuwatoa ng'ombe zizini.