Mtungi wa Uvunguni

Nilipokuwa na mimba yangu ya kwanza, tukikaa Kisauni upande wa Magogoni, nilimshuku kila mtu. Uhuru ulikuwa bado. Wanaume barazani walibishana nani atatawala, na mimi nikiwachunguza wanaonitazama tumbo. Wa kwanza alikuwa jirani yangu wa mlango wa pili, mke wa kibarua wa bandarini, Mkristo wa kutoka Kaloleni. Naye alikuwa mja mzito, na mimba zake mbili za mwanzo zilikuwa zimeharibika.

Mavyaa, mamake mume wangu, ndiye aliyenitia maneno. "Mtu aliyepoteza mbili, wallahi, utamwachaje akutazame tumbo?"

Mavyaa huyo huyo alikuwa amekinga mvua ya kwanza ya masika mtungini, ili mtoto akizaliwa aoshwe kwa maji yale, kama alivyooshwa mume wangu. Niliusukuma mtungi uvunguni mwa kitanda nikaufunika kwa kawa lililochanika kando. Bwana afya wa manispaa alipopita kutafuta maji yenye mbu, akimwaga mapipa na vifuu vya watu, nilijilaza nikadai naumwa, asiingie chumbani. Ana haja gani na maji ya mwanangu? Nilijiona mjanja kweli.

Wiki chache baadaye nikaumwa kikweli. Macho yaliuma kwa nyuma, viungo kama vimetwangwa kinuni. Mavyaa aliijua homa ile, akaiita kidingapopo. Kisha akashusha sauti: "Lakini kuna mtu ameifungulia mlango." Hakuhitaji kumtaja.

Na mtu mwenyewe akawa haishi kuja. Kila alasiri alipiga hodi, akamwamkia mavyaa shikamoo, akaketi kando ya kitanda na tumbo lake kunikanda miguu.

"Mbona yuwaja kila siku?" mavyaa aliuliza akishaondoka. "Kwani hana kwake?"

Nilimtazama mikono asinidondoshee kitu. Dafu aliloniletea sikulinywa mpaka alitoboe mbele yangu na kuonja yeye kwanza. Alionja bila ya kununa. Siku moja alijipiga kofi mguuni akasema, "Dada, mbu wa kwako hawangoji usiku." Nikaona ananisimanga uchafu, nikamgeuzia mgongo.

Uchungu ulinishika kabla ya miezi kutimia. Nilipelekwa hospitali, nikajifungua mtoto wa kiume mdogo wa kuenea kikapuni, nami nikatoka damu mpaka nikaona giza. Siku ya tatu mtoto naye akapata homa, na vipele vyekundu vikamtapakaa kifuani. Nesi aliniambia kwamba homa yangu ilimfikia kwa damu yangu, akiwa bado tumboni. Akauliza kama nyumbani tunaweka maji, maana homa hiyo huletwa na mbu wanaouma mchana, wazaliwao humo humo majumbani.

"Hatuweki," nikasema. Niliogopa kusema kweli.

Siku nane sikujua kama nitarudi na mtoto au na ile kanga tupu. Mungu alinipa, tukarudi wawili.

Mavyaa hakungoja hata nipumzike. Aliuvuta mtungi ili amwoshe mjukuu wake. Alipofunua kawa, mbu wa miguu ya madoadoa walimrukia usoni, na ndani maji yalichezacheza kwa viluwiluwi. Aliubeba uani akaumwaga.

"Na jirani?" niliuliza aliporudi.

Mavyaa alijifuta mikono. "Alishikwa na homa ile ile ulipokuwa huko. Mtoto alizaliwa hana pumzi."

Nilikaa kitandani. Alasiri zote zile alizokuwa akinikanda, miguu yake ilikuwa pale pale penye mtungi.

Jioni alipiga hodi. Kanga ilimpwaya tumboni, na mkononi alikuwa na dafu. Hakuvuka kizingiti.

"Nimekuja kukupa hongera, dada," alisema. "Nitamwona kutoka hapa. Najua mwaogopa jicho langu."

Kumbe siku zote alijua, na bado alikuwa akija. Niliinuka nikamwekea mtoto mikononi. Alimpakata akalia pole pole, nami nikalia. Uani pale mtungi ulipomwagwa palikuwa bado pamelowa, na wakati wa kwenda zake alipapita. Sikumwambia kitu siku ile, na mpaka alipohama sikumwambia.