Mtungi wa Watu Wawili

Mwezi uliopita tulimbatiza kitukuu changu katika kanisa moja la Usagara. Padri alikuwa amekwisha kuvaa ndipo ikaonekana kisima cha ubatizo ni kikavu, na kijana mmoja wa kwaya akatumwa bombani na jagi la plastiki. Nikamwambia anipe hilo jagi, nitateka mimi. Watu wakacheka, maana ninakaribia miaka themanini na magoti yangu hayana adabu tena. Nikateka, nikalishika jagi kwa mikono miwili, nikaanza kurudi. Mlangoni binti mdogo wa darasa la Jumapili akaniinamia, "Shikamoo, Bibi." Nikampita. Akarudia kwa sauti kubwa zaidi, nikampita vilevile. Nyuma yangu nikamsikia mjukuu wangu akinitetea, "Msamehe, masikio ya Bibi siku hizi yako likizo."

Masikio yangu hayajaenda popote. Nilimsikia yule mtoto vizuri sana, na kutomwitikia kulinichoma. Hebu kaa karibu nikueleze, maana jambo hili limeninyima utulivu tangu nina miaka tisa, na wote waliolijua wamekwisha kwenda zao.

Ilikuwa miaka ya hamsini. Tulikaa kambini kwenye shamba la mkonge, pembeni mwa barabara ya kwenda Muheza. Baba alishuka kutoka milimani kuja kukata mkonge, mama akamfuata, nami nikakulia katika nyumba za mstari mmoja, chumba kwa chumba, harufu ya mkonge uliokwanguliwa ikituingia hadi kwenye ugali. Ni harufu ya uchachu, kali, ukiizoea hufikirii kwamba mahali pengine hewa haina harufu. Kanisa letu lilikuwa la udongo na makuti, na kengele yake ni kipande cha reli kilichofungwa kwa waya kwenye mwembe. Ng'ambo ya reli ya tololi za kubebea mkonge kilianza kijiji cha wenyeji, Waislamu, wenye minazi yao na msikiti wao mdogo. Nyumba ya kwanza kabisa ilikuwa ya jirani yetu, mama mtu mzima tuliyemwita Bibi tu, naye alikuwa akipika vitumbua.

Sijui kama umewahi kula kitumbua kilichotoka chunguni muda huohuo, ukakirusha mkono huu na ule kwa sababu kinaunguza na huna subira. Mimi sikuwa na subira ya kitu chochote. Mama alisema nimezaliwa na siafu miguuni. Kwenye sala nilifumba jicho moja tu, la pili nikiangalia ni nani mwingine hajafumba. Mwalimu wa dini, mtu mrefu aliyekuwa mkata mkonge kabla hajawa mwalimu, na kidole chake kimoja hakikunjiki kwa ajili ya mwiba wa zamani, alikuwa akinielekezea kidole hichohicho kilichonyooka na kusema, "Weye, Mungu hakimbizwi." Nami nilimpenda Mungu, nakuapia. Nilichoshindwa ni kukaa naye kimya.

Basi mwaka ule mama alikuwa amemaliza mafundisho, akabatizwa, na zamu ikawa yangu na ya mdogo wangu, aliyekuwa na miezi minne. Baba hakuwa na neno. Alisema tubatizwe, yeye atafuata miguu ikipumzika. Padri alitufikia mara moja kwa miezi mingi, kwa lori la shamba, akabatiza wote waliokuwa tayari, akaondoka. Ukikosa siku hiyo, umekosa hadi Mungu ajuapo.

Mwalimu alikuwa na desturi yake, na sijaiona katika kanisa jingine lolote. Maji ya bomba la shamba yalikuwa na kutu, kwa hiyo kila mbatizwa alitakiwa kwenda mwenyewe chemchemini, mwendo wa nusu saa katikati ya mkonge, siku moja kabla, akateka maji yake kwenye mtungi wake. Mitungi ilipangwa ukutani mwa kanisa, na kila mtu alibatizwa kwa maji aliyoyabeba. Maji ya mtoto mchanga aliyabeba ndugu yake. Na kutoka chemchemini hadi mlango wa kanisa, usiseme neno na mtu, usitue, usipokewe. Ukisema, umwage, urudi ukateke upya. "Anayekwenda kwa Mungu hasimami njiani kupiga soga," ndivyo alivyosema, akinitazama mimi na si mwingine.

Mtungi wangu ulikuwa mmoja, na ndani yake tulikuwa wawili, mimi na mdogo wangu. Nilikwenda alasiri, nikiwa nimechelewa kwa sababu nilipitia kuangalia tololi zikipakuliwa. Nikateka, nikajitwika, nikaanza kurudi huku nimeuma midomo. Ulimi ulikuwa ukiniwasha, si utani. Nikapita miba ya mkonge, nikapita wanaume wawili walionitania kusudi nijibu, sikujibu. Nilikuwa nimeanza kujivuna. Nikaikaribia reli ya tololi, na mbele ya nyumba ya kwanza nikamwona Bibi amesimama njiani, chungu cha vitumbua mkononi, ananitazama usoni.

Sasa niambie, wewe ungefanya nini? Tulilelewa hivi: ukikutana na mtu mzima, shikamoo inatoka kabla hujafikiri. Mtoto aliyempita mtu mzima kimya alirudishwa kwao kwa mkono. Midomo yangu ikafunguka yenyewe. "Shikamoo, Bibi!"

"Marahaba, mwanangu."

Hapo nikakumbuka. Nikashtuka mwili mzima, mtungi ukayumba, nikaudaka kwa mdomo wake, maji yote yakanimwagikia mgongoni. Nikasimama nimelowa, nalia. Jua lilikuwa limelala juu ya mkonge, na kurudi chemchemini peke yangu saa ile niliogopa. Bibi hakujua lolote kuhusu mwiko wetu. Aliona mtoto amemwaga maji kwa sababu ya kumwamkia yeye, akaona haya. Akanishika mkono hadi uani kwake, akafunua kasiki lake la maji ya mvua, akachota kwa kata ya kifuu, moja, mbili, tatu, hadi mtungi ukajaa. "Haya, nenda upesi, usigombwe."

Nikaenda. Mwalimu alikuwa mlangoni mwa kanisa akipokea mitungi. "Umenyamaza njia nzima?" Nikaitikia kwa kichwa. Uongo wangu wa kwanza mbele ya kanisa niliusema kwa kunyamaza, na ndiyo mara ya pekee aliyopata kunisifu kwa utulivu.

Kesho yake tulibatizwa. Nakumbuka gauni langu jeupe la kitambaa cha marekani, lililokuwa likinikwaruza shingoni, na mdogo wangu akipiga kelele maji yalipomgusa. Wengine wote waliimba kwa furaha. Mimi nilikuwa nikiyatazama yale maji yakinichuruzika kwenye vidole, nawaza jambo moja. Kasiki lile ndilo Bibi alilotumia kutawadhia. Nilikuwa nimemwona mara ngapi, akinawa mikono, uso, miguu, kisha anatandika mkeka wake. Kwa akili zangu za miaka tisa, maji yale yalikuwa yamekwisha kuwa na dini yake. Nani alisema yatakubali nyingine?

Kuanzia hapo sikupata raha. Nilisali, tena kwa macho yote mawili kufumbwa, lakini nilisali kama mtu anayebisha hodi kwenye nyumba asiyojua kama ni ya kwao. Nikimbeba mdogo wangu nilimtazama utosini, pale padri alipomwagia, nikitafuta alama. Nikaogopa kumwambia mwalimu. Nikaogopa kumwambia mama. Vitumbua vya Bibi nikaacha kwenda kuvila, akawa akimuuliza mama kama naumwa.

Halafu mtoto akaugua kweli. Homa ilimshika siku ya kwanza, ya pili, ya tatu, akaacha kunyonya, macho yakawa yanapinduka. Mama alimpeleka zahanati ya shamba akachomwa sindano, wakarudi, na jioni ile nikamsikia akimwambia baba, "Akienda, angalau amebatizwa." Alisema kwa kujifariji. Mimi yale maneno yalinikata maini. Kama atakufa, atafika huko na maji ya kutawadhia ya Bibi, watamuuliza, na yeye hata kusema hajui. Na aliyembebea ni mimi.

Nikatoka mbio. Sikukimbilia kanisani, nikakimbilia kwa Bibi, kwa nini sijui, labda kwa sababu maji yalikuwa yake. Nikamkuta anakoroga unga wa vitumbua vya kesho. Nikamwambia yote kwa pumzi moja, mwiko, shikamoo, uongo, kasiki. Nikamwambia mdogo wangu anakufa na hakubatizwa, kwa sababu maji yake yalikuwa ya msikitini.

Bibi aliacha mwiko wa kukorogea ndani ya bakuli. Nilitegemea anikumbatie. "Ati maji yangu yana ila gani?" akasema. "Na vitumbua ulivyokula kwangu toka unaota meno, unga niliukoroga kwa maji gani?" Uso wake ulibadilika, ukawa uso wa mtu aliyetukanwa nyumbani kwake, na nilijua kwamba nimemtukana. Akaniambia niende kwetu. Nilirudi nimevunjika pande zote mbili, kwa Mungu na kwa jirani.

Asubuhi mama alinituma kwa mwalimu kumwomba aje kumwombea mtoto. Nilimkuta anafagia mbele ya kanisa. Kabla sijafika nikaona watu barabarani wameduwaa wakitazama upande wa mkonge. Bibi alikuwa anakuja, buibui amelifunga kiunoni, mtungi kichwani, anatokea njia ya chemchemi. Wakataji wa mkonge walimwamkia, akapita. Mke wa karani wa shamba alimsalimu, akapita. Nikamwendea. "Shikamoo, Bibi." Akanipita kama nguzo. Nikasema moyoni, basi, amenitupa.

Alikwenda moja kwa moja hadi mlango wa kanisa ambao hakuwahi kuukaribia maisha yake. Akatua mtungi kizingitini bila kumwaga tone. Akavuta pumzi, akageuka, akanitafuta kwa macho.

"Marahaba, mwanangu."

Kisha akamwambia mwalimu, "Haya ni maji ya chemchemini. Sikusema na mtu, na mgongo wangu ndio unaosema. Mtilie mtoto upya, huyu mwenzake apate kulala."

Mwalimu alitutazama, Bibi na mimi, na ufagio mkononi. Ikabidi niseme. Nilisema yote mbele yao wawili, nikingoja kiboko. Mwalimu akaegemeza ufagio ukutani, akamletea Bibi kiti chake mwenyewe, kile cha kufundishia, akamketisha mlangoni. Ndipo akaniambia ubatizo ni mmoja, haurudiwi, na mtoto amekwisha kubatizwa. "Hata Yordani ngamia walikuwa wakinywa," akasema. "Padri aliyabariki. Unadhani Mungu aliuliza yametoka kwenye kasiki la nani?" Bibi akasema taratibu, "Miye nilimwambia." Lakini kwa uongo wangu mwalimu hakunisamehe bure. Alinipa ule ufagio. Nilifagia kanisa lile kila Jumamosi mpaka tulipohama, na nilipiga ile reli ya mwembeni, na humo katika kufagia ndimo nilimojifunza kusali, kwa sababu mikono ikiwa na kazi moyo wangu hukaa.

Maji ya Bibi hayakumwagwa. Aliyabeba mwalimu mwenyewe hadi kwetu, na mama alimkanda nayo mtoto siku nzima, Bibi akiwa ameketi upande wa pili wa kitanda anakamua kitambaa. Homa ilishuka siku iliyofuata. Mimi sisemi ni maji. Sindano nayo ilikuwepo. Ninachosema ni kwamba mama na Bibi walikuwa wakiomba kwa pamoja, kila mmoja kwa maneno yake, na sikufumbua jicho hata moja.

Mdogo wangu sasa ni babu mwenye upara, na ndiye aliyempakata kitukuu changu siku ile ya Usagara. Hajui habari hii. Mara ngapi nimeanza kumwambia nikaacha. Shamba lile limegawanywa viwanja, chemchemi niliitafuta mwaka juzi nikaikuta chini ya ukuta wa mtu. Nyumba ya kwanza baada ya reli haipo, wala reli yenyewe. Bibi alizikwa wakati mimi niko mbali, nilipata habari baada ya miezi. Kwenye daftari la ubatizo imeandikwa jina langu, la mdogo wangu, la padri, la mzazi wa ubatizo. Bibi aliyetubebea maji hakuandikwa popote. Tena sikupata kumwomba radhi kwa kinywa changu. Tulikula vitumbua tena, tukacheka, nami nikawa nasema kesho, kesho. Hilo ndilo linalonisumbua mpaka leo, si maji.

Kwa hiyo siku ile nilimpita mtoto wa watu mlangoni, nikafika kisimani, nikamimina jagi lote polepole, sikumwaga tone. Padri akashukuru. Nikamwacha na maneno yake, nikarudi mlangoni kwa magoti yangu yale yale, nikamkuta yule binti bado amesimama, amenuna, macho yamelengalenga kwa sababu amepuuzwa mbele ya watu. Nikamshika mkono.

"Marahaba, mwanangu," nikamwambia. "Niwie radhi. Nilikuwa nimebeba maji."