Sufuria Iliyokataliwa na Jiko

Juzi dukani, hapa St Marys ughaibuni, nilijikuta nikigusisha sumaku kwenye kitako cha sufuria mpya, muuzaji akanitazama kama mwizi. Ni mazoea ya zamani, rafiki yangu. Yalinianza wakati wa korona, tulipofungiwa ndani nikiwa na miaka kumi na mitatu, siwezi kutulia kitini, helikopta ya polisi ikizunguka juu ya paa na mama akinigombeza nikae chini.

Tulikuwa tumehamia karibuni nyumba yenye jiko la kioo, lile lisilo na mwali. Bibi akaweka juu yake sufuria yake ya alumini, aliyoibeba kutoka kambi ya wakimbizi. Jiko likalia kidogo, likazima. Akajaribu tena, likazima tena. Mama akamnunulia sufuria nyingine, inang'aa kama kioo, lakini bibi alipoonja bugali wake, yaani ugali, akasema unanuka duka. Akaanza kuishi kwa chai. Nguo zikampwaya. Niliogopa, nikawa nazunguka nyumba nzima bila kujua natafuta nini.

Asubuhi moja mwalimu, kupitia kompyuta, alituagiza tuchukue sumaku ya friji tupime metali za nyumbani. Kwangu ilikuwa kama kufunguliwa mlango. Misumari ilinasa. Bangili ya shaba ya bibi haikunasa. Sufuria mpya ilinasa. Ya bibi iliiachia sumaku ikaanguka sakafuni. Mwalimu akaeleza kwamba alumini ni nyepesi, haishiki kutu na hupata moto upesi, ila majiko kama letu hutaka chuma. Niliruka kitini kabla hajamaliza.

Nilimkuta bibi jikoni, ameikumbatia sufuria.

"Hii jiko iko nakatala sufuria yangu," alisema. "Inanikatala mimi."

Siku zote nilimjibu kwa Kiingereza. Siku hiyo nilijikongoja kwa Kiswahili, nikiokoteza maneno: si wewe bibi, ni alumini, tuweke chuma chini yake.

Chuma kilitoka kwa jirani, mama mmoja wa Tanga, aliyetupitishia juu ya uzio chuma chake cha chapati, kizito, cheusi kwa mafuta. Tukakiweka kwenye jiko, sufuria ikakaa juu yake. Maji yalichelewa mno, nikawa naingia na kutoka mpaka bibi akanishika mkono. Kisha yakaanza kuchemka. Akasonga, mwiko ukigonga alumini, akala mpaka akalamba vidole.

"Kumbe haikunikatala," akasema.

Jirani yule amehama na chuma chake. Bibi alifariki kabla hatujapata nyumba hii yenye jiko la gesi, ambamo sufuria yake haihitaji kubembelezwa. Jana nilisonga katika sufuria hiyo. Moto ulishika mara moja, ugali ukatoka mabonge matupu, nikaanza kunung'unika kwa Kiswahili cha bibi, na jikoni hapakuwa na wa kunijibu.